Sheria ya Mguso

Kulikuwa na nchi moja, na anayebisha kwamba haikuwapo bila shaka hajawahi kuomba kibali ndani yake. Katika nchi hiyo, kitu chochote cha umma hakikuhesabiwa kuwa kipo mpaka Mkuu wa Nchi akiwekee kiganja cha mkono wake wa kulia, bila glavu, mbele ya mashahidi wasiopungua mia tatu. Hicho kilikuwa kifungu cha kwanza cha Sheria ya Mguso. Daraja la Mto Lwendo lilijengwa, likapakwa rangi, likawekewa taa. Lakini Mkuu alikuwa na mafua, kisha akawa na safari, kisha akawa na mafua ya safari. Kwa miaka minne wananchi waliendelea kuvuka kwa mtumbwi chini ya daraja ambalo halikuwapo. Kivuli chake walikipata, maana sheria haikutaja vivuli.

Kifungu cha pili kilikuwa kifupi zaidi: kilichoguswa hakiharibiki. Saa kubwa ya stesheni ilisimama kwenye saa mbili na dakika kumi, miaka sita baada ya kuguswa. Kwa kuwa haikuwezekana iwe mbovu, treni zote za nchi zilipangwa kuondoka saa mbili na dakika kumi, nazo zikaondoka. Ajali zilizofuata zilitokana na uzembe wa abiria.

Wageni waliowahi kuishi huko husema mtu huzoea. Mhandisi Sikitu Ndembo hakuwa mgeni, na hakuzoea.

* * *

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha jiko likiwaka. Hakuwa na ugomvi na watu. Alikuwa na ugomvi na makadirio. Ukimwambia jambo litachukua kama nusu saa hivi, atakuuliza ni dakika ngapi. Miaka kumi na mmoja alikuwa ughaibuni, akijifunza kutengeneza chipu, yaani vile vipande vya silikoni, vidogo kama ukucha, ambavyo ndivyo akili ya kila mashine ya siku hizi. Aliporudi alikabidhiwa Kiwanda cha Mustakabali. Mitambo yake ilikuwa msaada kutoka kiwanda cha ng'ambo kilichofungwa miaka thelathini iliyopita. Iliweza kuchora juu ya silikoni mistari ambayo ishirini na mitano, ikipangwa sambamba, ilitosha upana wa unywele mmoja. Ughaibuni walikwisha kuchora mistari myembamba zaidi ya hiyo mara mia kadhaa, lakini jambo hilo halikuandikwa kwenye kibao cha mlangoni.

Mwezi wa kwanza kiwandani alipokea barua moja tu isiyokuwa ya pongezi. Ilitoka kwa Bi. Mashavu Ligola, muuguzi mkuu wa Hospitali ya Malungira.

"Tunazo mashine arobaini za kuwatunzia joto watoto njiti," aliandika. "Zote zimekufa, na zimekufa kwa ugonjwa mmoja: kile kidude cheusi chenye miguu kumi na minne kinachoiambia hita lini iwake na lini izime. Waliokitengeneza wanasema hawakitengenezi tena, wamesonga mbele. Siwezi kuandika kwamba mashine ni mbovu, kwa sababu ziliguswa. Mwaka jana tuliwapoteza watoto mia moja na tisa. Hao sheria haikuwataja, kwa hiyo niliweza kuwahesabu."

Sikitu aliisoma mara moja. Akaiandika ile namba, 109, ndani ya mlango wa kabati lake, kwa kalamu ya wino; chaki hutoa vumbi.

Kisha akapiga hesabu. Kidude kile kilikuwa chipu ya kizamani, na mitambo yake ilikuwa ya kizamani; vilifaana kama chungu na kifuniko chake. Alichohitaji ni visahani vya silikoni, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita kumi na kung'aa kama kioo, na juu ya kimoja angeweza kuchora chipu mia mbili na kumi na mbili. Aliagiza ishirini na vitano. Vilipofika bandarini, afisa wa forodha aliyafungua maboksi ili kuhakiki idadi. Alivihesabu kwa kidole kilicholoweshwa mate, kama wahesabuvyo karatasi, kimoja baada ya kingine, kwa uaminifu mkubwa. Silikoni iliyoguswa na kidole hupata chumvi ya mwili, na chumvi huipotosha njia ya umeme. Alipofika kisahani cha ishirini na tatu, kengele ya chakula cha mchana ikalia.

Ndiyo maana viwili vilisalimika.

* * *

Kabla hajaanza kuvichora aliitwa mbele ya Tume ya Mielekeo. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Machupa Ngolomi, Waziri wa Mustakabali, mtu ambaye hakuwahi kutumia neno moja pale yalipopatikana tisa.

"Mhandisi," alisema Waziri, "Taifa linataka kujua chipu za ulimwengu zinaelekea wapi, ili sisi tutangulie tukazisubiri hukohuko."

Sikitu alieleza. Kwa miaka hamsini, alisema, watu walizidi kuzipunguza. Sasa mistari yake imekaribia upana wa chembe za silikoni zenyewe, na hakuna tena nafasi kubwa ya kupunguza. Kwa hiyo wanatafuta njia nyingine. Wapo wanaopandanisha chipu juu ya chipu, kama ghorofa, ili taarifa isisafiri mbali. Wapo wanaoleta kumbukumbu karibu na hesabu, kwa kuwa joto jingi hutokana na kuhamisha namba huku na huko. Wapo wanaotaka mwanga ubebe taarifa badala ya umeme. "Na wote," alimaliza, "wanapigana na joto."

Katibu wa Tume aliandika: Wageni wamechoka na udogo.

"Nami nimekuwa nikijiuliza," alisema Waziri, "kwa nini nchi kubwa ishindane na watu katika udogo. Tutengeneze chipu kubwa."

"Wapo wanaofanya hivyo, Mheshimiwa. Kisahani kizima wanakifanya chipu moja."

Waziri alionekana kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. "Basi yetu iwekewe ghorofa juu yake."

"Na mwanga," alisema mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Na mwanga. Itachukua muda gani?"

"Kwa mitambo tuliyo nayo, haiwezekani. Kwa mitambo mipya na watu elfu mbili, miaka kumi na miwili."

"Mkuu atakuja kugusa Ijumaa, wiki tatu kutoka leo."

"Kwa wiki tatu," alisema Sikitu, "ninaweza kutengeneza chipu ya kizamani. Na itafanya kazi."

Wajumbe walimtazama kama vile ametaja pilau mchana wa Ramadhani.

"Ya kuanzia," aliongeza.

"Andika," Waziri alimwambia katibu, na uso wake ukarudi mahali pake. "Chipu kubwa ya ghorofa yenye mwanga, ya kuanzia."

* * *

Kumbukumbu za kikao zilisambazwa kwa idara zote, na siku ya tatu Mkaguzi wa Majengo akafika kiwandani na utepe mwekundu. Alikuwa amesoma kwamba kunajengwa kitu cha ghorofa bila kibali. Sikitu alikuwa ndani ya chumba safi, amevaa ovaroli nyeupe iliyomfunika mpaka nyusi, kwa hiyo mkaguzi alipokelewa na Mzee Kondo, mtu wa mapangaboi na vichujio. Cheo cha Mzee Kondo kiliandikwa Msaidizi wa Upepo, Daraja la Tatu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hewa ya chumba kile haina vumbi, na kwa miaka miwili alikuwa akilifukuza vumbi kama watu wengine wanavyofukuza kuku jikoni.

"Hilo jengo lina ghorofa ngapi?" aliuliza mkaguzi.

"Saba."

"Ngazi ziko wapi?"

"Wakazi wake hawana miguu."

"Vyoo?"

"Hawali, mzee mwenzangu."

Mkaguzi aliandika. "Sasa humo ndani wanafanya nini?"

"Wanapita tu. Wanaingia huku, wanatokea kule."

"Kama wanapita tu," alisema mkaguzi baada ya kufikiri, "basi hilo si jengo, ni daraja. Na madaraja si idara yangu." Akapeleka jalada Idara ya Madaraja, ambako lipo mpaka leo. Lakini kwa kuwa jambo lilikuwa likichunguzwa, alikuwa amekwisha kuuzungushia mlango utepe, na utepe ulikaa siku mbili.

Siku hizo mbili Sikitu alitembea ukumbini. Ukumbi ulikuwa na hatua sitini na nne. Kwenye kona alikuwa akigeuka bila kupunguza mwendo.

"Utachimba mfereji hapo, Injinia," alisema Mzee Kondo.

"Nimepoteza saa arobaini na nane."

"Hujazipoteza. Zimekaguliwa."

Jioni ya siku ya pili simu ikapigwa kutoka Ikulu. Mkuu alikuwa anahisi mafua yanakuja, na alitaka kugusa kabla hayajafika. Ijumaa ikawa Jumatano. Kesho yake wakapiga tena: saa kumi alasiri ikawa saa nne asubuhi.

* * *

Afisa Itifaki, Bwana Shomvi, alikuja Jumatatu kupima mlango. Alikuwa mtu mpole, mwenye harufu ya karafuu na daftari lenye kamba ya dhahabu.

"Wageni mia tatu na kumi na sita," alisoma. "Zulia. Ngoma mbili. Bendera kumi na mbili, zenye kupepea."

"Katika chumba hiki," alisema Sikitu, "mtu mmoja akipiga chafya, kazi ya wiki nzima imekwenda."

"Ninakuelewa kabisa, mama. Ngoma zitakaa mlangoni."

"Wageni watavaa ovaroli na vifuniko vya viatu?"

Shomvi alimtazama kwa huruma. "Mkuu hafunikwi uso. Na Mkuu akiwa hajafunikwa, nani atathubutu kujifunika?"

"Na mkono?"

"Mkavu. Mtupu. Kifungu cha kwanza."

Sikitu hakubishana, ubishi nao huchukua muda. Alifikiria visahani vyake viwili. Kimoja kilikuwa kimechorwa chipu mia mbili na kumi na mbili na kilikuwa kimebakiza hatua tatu. Cha pili kilikuwa kitupu, hakijawahi kuingia tanuri.

"Mkuu atagusa kisahani," alisema.

Shomvi aliinua kalamu. "Kile kilekile?"

"Ni ndugu yake. Wametoka boksi moja."

Afisa Itifaki aliandika: Ukoo mmoja. Akapiga mstari chini yake, akaridhika.

Alipoondoka, Sikitu aliliandaa jedwali la Jumatano. Kisahani cha kweli kingetoka tanurini saa mbili na dakika thelathini na tano. Kingewekewa nyaya zake za chuma. Kisha kingefunikwa utando wa kioo, mwembamba kuliko vumbi lenyewe, na kikisha kufunikwa, vumbi halina tena la kuifanya chipu. Lakini utando ungekamilika saa nne na dakika hamsini na mbili, na mlango ungefunguliwa saa nne na dakika kumi na mbili, mara baada ya hotuba ya Waziri. Zilipungua dakika arobaini.

Aliipata nakala ya hotuba. Ilikuwa na mielekeo sita ya chipu za kesho, na Waziri alikuwa ameifanyia mazoezi: dakika mbili kwa kila mwelekeo. Sikitu aligawa arobaini kwa mbili. Alihitaji mielekeo ishirini zaidi.

* * *

Jumatano, saa nne kamili, Mkuu aliketi chini ya turubai mbele ya kiwanda, leso mkononi. Ndani, Sikitu alikuwa amesimama mbele ya mtambo wa utando, macho kwenye kipima shinikizo, mkono ukiandika. Aliandika juu ya karatasi maalumu isiyotoa nyuzi, akaipitisha kwenye kidirisha cha ukutani. Upande wa pili Mzee Kondo aliipokea, akaipeleka jukwaani akiwa ameinama kama mtu anayepita mbele ya picha inayoonyeshwa, akaiweka mbele ya Waziri.

"Mwelekeo wa saba," alisoma Waziri, akishangaa kidogo tu, maana hakuwa mtu wa kukataa maneno. "Chipu zitakazolala usingizi na kuamka pale tu panapotokea jambo!"

Watumishi wa serikali walipiga makofi kwa hisia.

Wa nane ulikuwa wa kweli pia: chipu zitakazofanya hesabu ndani ya kumbukumbu yenyewe. Wa tisa, maji yatakayopita katika mifereji myembamba ndani ya silikoni ili kuipoza. Wa kumi, mpangilio wa amri za kuendeshea chipu, ulio wazi kwa dunia nzima, ambao nchi yoyote ndogo inaweza kuutumia bila kuomba ruhusa kwa mtu. Waziri aliyaruka maneno "bila kuomba ruhusa kwa mtu," akidhani ni kosa la uchapaji.

"Bado dakika ngapi?" Mzee Kondo aliuliza kidirishani.

"Thelathini na mbili."

"Mkuu amepiga chafya mara mbili."

"Peleka huu."

Ulipofika mwelekeo wa kumi na nne, Sikitu aliishiwa na yaliyo kweli. Alisimama na kalamu hewani. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kuandika jambo ambalo hakuwa na ushahidi nalo, na sasa mkono ulisita kama punda mbele ya maji. Alitazama kipima shinikizo. Akatazama kabati lake, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Akaandika.

"Mwelekeo wa kumi na tano," alisoma Waziri, na sauti yake ikapanda. "Chipu itakayojua kiongozi anataka nini kabla hajakitaka!"

Makofi yalichukua nusu dakika. Sikitu alizihesabu sekunde kwa shukrani. Wa ishirini ulikuwa chipu isiyohitaji umeme, bali imani. Wa ishirini na tatu, chipu itakayokumbuka mambo mazuri pekee. Hakuna mgeni aliyeona tofauti kati ya mielekeo ya kweli na ile mingine, ila kwamba ile mingine ilieleweka haraka zaidi. Wala hakuna aliyeangalia saa. Katika nchi ile kuangalia saa ni kuituhumu.

"Mwelekeo wa ishirini na sita, na wa mwisho," alisoma Waziri, jasho likimtiririka. "Chipu isiyo na kitu chochote ndani yake!"

Watu mia tatu na kumi na sita walisimama. Walipiga makofi dakika tatu kamili, na ndani ya dakika ya pili taa ya kijani ya mtambo ikawaka.

* * *

Kipo kifaa kinachohesabu vumbi la hewani. Asubuhi ile kilisoma tisini. Mlango ulipofunguliwa na zulia likatandikwa, kilisoma elfu nne. Wageni walipoingia kikasoma laki tatu. Na bendera zilipoanza kupepea, mshale ukaenda mpaka mwisho ukabaki hapo, ukitetemeka. Mzee Kondo alivua kofia yake akaishika kifuani kama mtu aliye makaburini.

Kisahani cha kweli kilikuwa ndani ya boksi lake, na boksi lilikuwa ndani ya ovaroli ya Sikitu, ubavuni. Kile kitupu kilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cha hariri.

Mkuu alikiinamia. Kisahani cha silikoni kisichochorwa kitu ni kioo safi kuliko vioo vyote, na Mkuu akauona uso wake ndani yake, wote, mpaka vinyweleo. Alikaa hivyo kwa muda.

"Nauona mustakabali," alisema kwa upole.

Akaweka kiganja. Alipokiondoa, alama ya vidole vitano ilibaki, nyeupe, kama ukungu kwenye dirisha. Ngoma zikapigwa. Papo hapo zikatangazwa amri tatu: alama ile isifutwe kamwe, chumba kiwe wazi kwa wananchi kila siku, na mapangaboi ya Mzee Kondo yazimwe, kwa kuwa yalikuwa yakizipepeza bendera upande usiofaa.

"Basi hapa hapatatengenezwa kitu kingine," Mzee Kondo alimwambia Sikitu walipokuwa wakirudi nyuma kuwapisha wapiga picha.

"Hapana."

"Hicho ulicho nacho ubavuni ndicho cha mwisho."

"Ndicho cha kwanza pia," alisema Sikitu. "Fanya taratibu, unanibana."

* * *

Alikikata kisahani mwenyewe, akakipima kipande kwa kipande. Kati ya mia mbili na kumi na mbili, vilivyofanya kazi vilikuwa sitini na kimoja. Kwa mitambo ile na hewa ile, hayo yalikuwa matokeo ya haki. Alivifunika, akaviwekea miguu yake kumi na minne, akavipanga ndani ya kopo la bati la peremende za kifua, akaenda Malungira.

Bi. Mashavu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini iliyozoea kutomwamsha mtu. Wodini, akina mama walikuwa wamewafunga watoto vifuani kwa khanga. Wale ambao mama zao hawakujiweza walilazwa kati ya chupa za maji moto. Mashine arobaini zilisimama ukutani zikiwa zimefutwa vumbi, kila moja na kibandiko: Imeguswa.

"Mdogo wangu," alisema Bi. Mashavu akitazama ndani ya kopo, "nitavipokea kwa fomu ipi? Vitu hivi havijaguswa. Havipo."

"Una chuma cha kulehemu?"

"Kipo."

"Basi hatuhitaji fomu."

Walifanya kazi siku tano. Mashine ya kwanza ilipowashwa, Sikitu hakuitazama mashine, alitazama kipimajoto. Kilipanda mpaka nyuzi thelathini na sita nukta tano, kikasimama. Alisubiri dakika tisini akiwa amesimama, mguu mmoja ukigonga sakafu. Nukta tano. Akaenda ya pili.

Wiki ya tatu akaja Mkaguzi wa Vilivyopo, Bwana Lipangile, mrefu, mkimya, na mkoba wa ngozi. Umeme wa hospitali ulikuwa umepanda ghafla, na umeme haupandi bila kitu. Sikitu alikuwepo, akibadilisha waya. Alisimama. Bi. Mashavu akaja kusimama kando yake.

Lipangile alizipita mashine zote, polepole, akiinama kwenye kila kioo. Alirudi.

"Mashine hizi zilitengenezwa?" aliuliza.

"Ziliguswa miaka kumi na mmoja iliyopita," alisema Bi. Mashavu. "Zitaharibikaje hata zitengenezwe?"

"Ni kweli." Aliandika. "Lakini ndani yake kumewekwa kitu."

"Kitu gani?" aliuliza Sikitu.

"Chipu."

"Ziliguswa lini?"

Mkaguzi alifungua daftari lake, akatafuta, akafunga. "Hazikuguswa."

"Basi?"

"Basi hazipo." Alifikiri, kalamu ikigonga kidevu. "Kwa hiyo kitu kisichokuwapo kimewekwa ndani ya kitu kisichoharibika. Hapo sioni kosa. Sioni hata tukio."

Akaandika mstari mmoja, akatia sahihi. Alipofika mlangoni alisita mbele ya mashine ya mwisho. Ndani yake alilala mtoto wa kike wa gramu elfu moja na mia moja, ngumi zimekunjwa, tumbo likipanda na kushuka haraka haraka.

"Na huyu?" aliuliza Bwana Lipangile.

"Huyu yupo," alisema Bi. Mashavu.

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, akatoka akitembea kwa ncha za viatu.

* * *

Sikitu Ndembo alipandishwa cheo. Kwa kuwa ndiye aliyeleta mielekeo ishirini kwa asubuhi moja, aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Mielekeo, akapewa ofisi yenye dirisha, zulia, na meza yenye droo moja inayofungika. Kiwandani hakurudi tena. Watu walikuwa wakipanga foleni huko kukiangalia kiganja, na Mzee Kondo, aliyekuwa mwindaji wa vumbi, sasa aliuzungusha ufagio katikati ya miguu yao na kuwaomba wasikanyage alichokusanya.

Ofisini Sikitu hakukaa. Alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, hatua kumi na moja, na kurudi. Ndani ya droo kulikuwa na kopo la peremende. Siku alipolifungia lilikuwa na chipu ishirini na moja. Mara kwa mara simu hulia, na sauti ya chini ya Bi. Mashavu husema neno moja tu: "Moja." Kila chipu hufa siku moja; hata mtengenezaji hodari hajui ni siku gani, anajua wastani tu. Sikitu huifunga nyingine kwa karatasi na kuipeleka yeye mwenyewe.

Mwaka ulipokwisha, Waziri alimtembelea kwa ajili ya taarifa kwa Mkuu. Aliketi, akavuta pumzi, akauweka mkono wake mezani.

"Mkurugenzi, Taifa linauliza. Ukiacha maneno, ukiacha mbwembwe, nipe namba moja tu: mustakabali wetu umesimama wapi?"

Sikitu alisimama. Alikuwa mtu wa kujibu swali lililoulizwa. Akafungua droo, akaondoa mfuniko wa kopo, akahesabu kwa ncha ya kalamu bila kugusa.

"Kumi na saba, Mheshimiwa."

"Kumi na saba!" Waziri aliandika kwa furaha. "Mwaka ujao tufikishe thelathini."

"Mwaka ujao zitakuwa chache zaidi."

Waziri alicheka, kama wachekavyo wakubwa wanapoona mtaalamu ana kiburi cha unyenyekevu. Alikuwa bado anacheka simu ilipolia. Sikitu aliinua mkono wa simu, akasikiliza neno moja, akaurudisha mahali pake.

"Sahihisha, Mheshimiwa," alisema, akiwa amekwisha kuchukua mkoba wake. "Kumi na sita."